Herufi Nne

Miaka ishirini na sita nilipima kahawa ya watu,
chama cha msingi, Uru, mizani ya chuma yenye kutu shingoni.
Najua mkulima anavyoutazama mshale:
kama mtu anayesomewa hukumu.
Kwa hiyo Bibi Aikande aliponikalia benchi moja, hospitalini, Moshi mjini,
akanipa bili iliyokunjwa mara nane,
nikayatambua macho yale.
"Wewe ulikuwa mtu wa hesabu," alisema. "Niambie nimekosa nini."

Tulianza na kitanda.
Karatasi inasema siku tisa.
Yeye anasema sita. Ya saba, ya nane, ya tisa
alikwisha pona, kavaa viatu,
anangoja bima ikubali kwamba yeye ni yeye.
Kadi imeandika Haikande.
Kitambulisho kimeandika Aikande.
H moja, jamani,
pumzi ambayo hata mama yake hakuipuliza,
imelala wodini siku tatu
kwa bei ya mtu mzima.

Dirisha namba nne: mtandao hakuna.
Dirisha namba saba: nendeni namba nne.
Tukala ndizi za kuchoma, mtandao ukarudi.

Kisha mashine ya vidole.
Gumba, nyekundu. Cha shahada, nyekundu.
Akafuta kidole kwenye kitenge, akabonyeza tena
kwa adabu, kama anayebisha hodi nyumba ya wakwe.
Nyekundu.
Vidole vile havina mistari tena.
Jembe limekula, magadi yamekula,
na kahawa aliyoichuma punje kwa punje
mimi, nakiri, nikaipima.
Sijui ni kilo ngapi za jina lake
zilipita mizanini kwangu zikapakiwa magunia
kwenda kunywewa ng'ambo.

Binti wa dirishani, Nakiete, beji imegeuka nyuma mbele,
hakuwa mkorofi. Alikuwa amechoka.
Akaizunguka meza, akamshika bibi mkono wa kushoto.
"Tujaribu hiki cha mwisho. Mama yangu naye husomeka hapa."
Kijani.
"Aika," akasema bibi, na sikujua
anashukuru au anakitajia kidole jina lake.

Yaliyofuata hayana utamu wa kusimulia:
barua ya mtendaji wa kata, kiapo kwa wakili pale juu ya duka la vipuri,
safari nne, muhuri uliokauka, muhuri mwingine.
H ikafutwa. Siku tatu zikafutwa.
Na sindano moja ya elfu ishirini na mbili, iliyokuwa ya mama wa kitanda cha pili,
nayo ikarudi kwa mwenyewe
(hiyo bado inanisumbua).
Ikabaki elfu kumi na nane na mia nne.
Alizitoa ndani ya soksi, akazihesabu mara mbili,
akadai risiti.

Nilidhani tumemaliza.
Akatoa kopo la siagi, na ndani ya kopo mfuko,
na ndani ya mfuko karatasi ya manjano.
"Hii ni ya marehemu. Miaka kumi na moja.
Tuliuza mtamba, sikuwahi kujua kama ulitosha.
Niliogopa kumwonyesha mtu, wasije wakanishika."

Nikavaa miwani.
Tarehe, jina la mzee Ndelilio, tarakimu zimefifia,
na juu yake, mshazari, muhuri wa bluu:
herufi nne, za Kiingereza.
Bibi anasoma Kiswahili vizuri kuliko mchungaji wake.
Hizi nne hakuna aliyemsomea.

"Imelipwa," nikamwambia.
"Lini?"
"Siku ileile."

Hakucheka. Hakulia pia.
Akaitazama karatasi, kisha akalitazama goti lake,
lile lililofungwa bendeji, lililomleta kwa machela.
"Basi ningeweza kuja," alisema,
"lilipoanza kuuma."

Nje, mnara wa saa, bodaboda, mvua ya rasharasha.
Nimepima mengi maishani.
Hilo sikuwa na jiwe la kulipimia.